Umejuaje?

Jambo kwenu mlioko hapa Minova, jambo kwenu wa Bweremana na Kalungu, jambo na kwenu mlioko ndani ya boti na karedio kenu mfukoni. Kipindi cha leo ni cha wanafunzi, hasa ninyi mnaoingia sekondari na kukuta kwenye ratiba neno hilo: Historia. Wazazi, msizime redio. Kabla hatujaagana nitawapa watoto wenu kazi ya nyumbani, na najua kazi yenyewe itawaangukia ninyi.

Naanza na chakula. Jana jioni ulikula nini? Wengi ni bugali na sombe, na mwenye bahati akaongezewa sambaza, wale wadogo wa kukaanga mpaka wanavunjika mdomoni. Sasa nakuuliza wewe uliyewala: sambaza wako katika Ziwa Kivu tangu lini? Niliwahi kuuliza swali hili darasani, na darasa zima likanicheka. Tangu lini tena, mwalimu? Tangu Mungu alipoliumba ziwa!

Sivyo. Sambaza ni wageni hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa katika Kivu mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru. Ziwa letu lilikuwa na samaki, ndiyo, lakini walikaa kandokando. Kule katikati, kwenye kina kirefu, vilielea vijidudu vingi na hapakuwa na samaki wa kuvila. Wabelgiji waliotawala wakati ule wakaona hilo ni shamba lisilo na mkulima, wakaenda Tanganyika kumleta huyu ndugu yake ndagala. Kwa hiyo wale wavuvi mnaowaona usiku usio na mwezi, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka na nyimbo zinafika mpaka nchi kavu, hawafanyi kazi ya kale. Koko wa koko yako hakuijua.

Nasema koko makusudi. Wenzetu wa pwani wangesema bibi, lakini hapa kwetu ukisema "bibi yangu" watu watakuuliza umeoa lini.

Haya. Nimekupasha habari ya sambaza, nawe umekaa kimya. Kwa nini umekaa kimya? Ulipaswa kuniuliza: mwalimu, umejuaje? Ulikuwepo mwaka 1959? Nani alikuambia? Na huyo aliyekuambia, yeye alikuwepo? Swali hilo dogo, umejuaje, ndilo nililokuja nalo leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Miaka na majina ya wafalme yana kazi yake, sikatai, na kwenye mtihani wa taifa mtaulizwa. Lakini anayeyajua hayo bila kujua yametoka wapi amebeba mzigo wa mtu mwingine.

Basi mimi nilijuaje? Kwanza niliisoma kitabuni. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mama yangu: sambaza waliletwa 1959. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mwaka huo nilikuwa msichana, nateka maji hapo ziwani kila asubuhi. Sikuona sambaza. Sambaza nimewaona wakati wa Mobutu, nimeshazaa."

Mnaona hapo? Kitabu kinasema 1959. Mama anasema wakati wa Mobutu, na Mobutu alichukua utawala Novemba 1965. Nani mwongo? Kuna mwanafunzi atakayesema kitabu ndicho cha kweli kwa sababu kimechapwa. Kuna mwingine atakayesema mama ndiye mkweli kwa sababu ni mama. Wote wawili wameikimbia kazi. Historia huanzia pale pale wanapopingana. Mimi nikaanza kuwauliza wavuvi wazee, nikatafuta na vitabu vingine, na jibu likajitokeza polepole. Samaki walimwagwa kweli 1959, lakini walikuwa wachache katika ziwa kubwa, ikawachukua miaka kuzaana na kuenea. Tena ni samaki wa mbali na ukingo. Humpati kwa ndoana wala kwa nyavu za kando. Uvuvi wa taa na nyavu kubwa za kuinua ulikuja kushika kasi katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1970. Kitabu kiliandika siku samaki walipoingia majini. Mama aliandika, kichwani mwake, siku samaki walipoingia sufuriani.

Narudia, maana redio haina ubao. Kitabu: majini. Mama: sufuriani. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, unabaki na nusu ya habari, na nusu utakayoikosa ukimwacha mama ni ile inayotuhusu sisi tunaokula.

Na tukiwa bado jikoni, hebu angalieni sahani yote. Muhogo, maana yake bugali na sombe pia, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulivuka bahari na Wareno. Mahindi, Amerika. Maharagwe haya tunayopakia boti kupeleka Goma, Amerika. Ndizi, Asia. Tunasema chakula cha mababu, na ni kweli, lakini ni mababu gani, na kabla yao walikula nini? Swali hilo lilinisumbua nikiwa kijana mpaka nikaanza kuuliza habari za mtama na uwele. Lakini nisiwapeleke mbali.

Mimi mwenyewe nilifundishwa historia vibaya. Shule siitaji, na mwalimu wetu ameshatangulia, apumzike kwa amani. Aliingia, akachukua chaki, akajaza ubao kutoka kona hadi kona, nasi tukanakili. Hakuna aliyeuliza kitu. Siku moja mwenzetu mmoja aliruka mstari. Kwenye kaye yake, yaani daftari lake, yule msafiri Stanley akafika Boma mwaka 1908. Stanley alifika Boma 1877, na mwaka 1908 alikuwa ameshakufa miaka minne. Huo 1908 ulikuwa mwaka ambao Ubelgiji ilimnyang'anya mfalme Leopold koloni lake. Sasa, sisi wanne tuliokuwa tumechelewa siku hiyo tulinakili kutoka kwa yule mwenzetu. Mwalimu akakusanya kaye. Akakuta Stanley marehemu anaingia Boma katika kaye tano. Alituita mbele wote watano, na hakuhitaji shahidi: kosa moja kwenye kaye tano, basi nne zimezaliwa na moja.

Fimbo nazikumbuka mpaka leo. Lakini nilipofika masomo ya juu nikashangaa kukuta kwamba wanaochunguza maandiko ya zamani hufanya hivyo hivyo. Wanapokuta nakala kadhaa za kitabu cha kale zina kosa lile lile, wanajua zimetoka kwenye nakala moja. Vitabu kumi vinavyosema jambo moja huenda si mashahidi kumi. Huenda ni shahidi mmoja, na wanakili tisa. Leo mnayaona hayo kwenye simu: habari moja imetumwa na watu hamsini, nawe unasema, "Kila mtu anasema!" Hapana. Mtu mmoja alisema, hamsini wakasambaza. Na sambaza hawa hawaliki.

Sasa nishushe sauti kidogo, maana mfano unaofuata unaumiza.

Mnakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Boti iliyotoka hapa Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wanaitazama kutoka ukingoni. Wengi wetu tulimjua mtu aliyekuwa ndani. Tulisikia hesabu gani siku zile? Mkuu wa mkoa wa Kivu Kusini alitaja watu 278 waliopanda na 78 waliokufa. Kutoka Kivu Kaskazini ikaja hesabu ya waliokufa isiyofika hata nusu ya hiyo. Ziwa moja, boti moja, asubuhi moja. Umejuaje? Anayehesabu miili iliyoopolewa anapata namba moja. Anayehesabu waliopanda, akatoa waliookolewa, anapata nyingine. Na boti isipokuwa na orodha kamili ya abiria, hesabu ya pili inasimama juu ya mchanga. Mwanafunzi wa historia miaka 50 ijayo atakuta namba hizo mbili kwenye magazeti, na akiwa mvivu atachagua moja aiandike. Akiwa mzuri atauliza: kuna familia iliyomsubiri mtu wake, na mtu huyo hayumo katika namba hata moja? Wa kumjibu ni ninyi mlioko hai leo. Karatasi haitamjibu.

Nimesema karatasi. Hapa mezani nina karatasi moja, na kwa kuwa hamuioni nitawaonyesha kwa maneno. Ni noti. Ndogo tu, inaenea kiganjani. Imeandikwa Banque du Zaïre. Upande mmoja una picha ya Mobutu, na chui wake yupo. Na thamani yake? Shikeni viti: milioni tano. Zaire milioni tano, noti moja. Nilipewa na mama mmoja wa soko, jirani yangu, aliyeitunza katika pembe ya kitenge chini ya sanduku.

Tuiulize noti hii maswali kama tunavyomuuliza mzee. Wewe ni wa nchi gani? Zaire. Nchi yenye jina hilo ilianza Oktoba 1971 na ikaisha Mei 1997, basi noti imezaliwa kati ya hapo. Wa mwaka gani? Inasema yenyewe, 1992. Kwa nini milioni tano, ilikuwa tajiri hivyo? La, ilikuwa maskini hivyo: bei zilipanda kila juma mpaka serikali ikakosa namba za kutosha. Hayo yote yameandikwa juu yake, mtu yeyote anasoma. Lakini angalieni kitu kisichoandikwa. Noti imekunjwa mara nne, mikunjo imebaki, na mbali na mikunjo hiyo ni safi. Haina jasho, haina mafuta ya mawese, haina kona iliyochanika. Mmewahi kuona faranga 500 ya soko la Minova ikiwa safi hivyo? Pesa inayotembea huchafuka. Hii haikutembea.

Na kweli haikutembea. Ilipotoka mwisho wa mwaka 1992, wafanyabiashara sehemu nyingi waliikataa. Januari 1993 wanajeshi mjini Kinshasa walilipwa mshahara kwa noti hizo, wakafika sokoni hakuna anayezipokea, wakageuka kupora mji, na balozi wa Ufaransa akauawa katika vurugu hizo. Oktoba mwaka huo huo ikaja zaire mpya: moja mpya kwa milioni tatu za zamani. Basi hii milioni tano yangu haikununua hata zaire mpya mbili. Na mwaka 1998 zaire mpya nazo zikaondoka, laki moja kwa faranga moja. Usafi wa noti, mnaona, ulikuwa umeshasema kabla ya vitabu.

Jirani yangu aliponipa aliniuliza, "Mwalimu, hawatairudisha kweli?" Nikajibu hapana, mama. Akasema, "Basi chukua ufundishie. Lakini ilikuwa bei ya mbuzi wangu wawili." Siwezi kuthibitisha bei ya mbuzi wa mwaka ule, nimeiandika tu nyuma ya bahasha kama alivyosema, na jina lake, na tarehe aliyoniambia. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Unaandika alichosema, na unaandika kwamba ni yeye aliyesema.

Tuendelee. Nani anaruhusiwa kuandika historia? Hapa wengi wenu mnakosea, na si kosa lenu. Mmeona jina kwenye jalada, profesa fulani, Kinshasa au Bruxelles, mkadhani kazi hii ina mlango na mlangoni kuna askari. Tunao maprofesa wetu, na wakubwa: Ndaywel è Nziem aliyeandika historia ya Kongo nzima katika kitabu kimoja kinene, na Elikia M'Bokolo ambaye wazazi wenu wamemsikia miaka mingi kwenye redio ya Wafaransa. Waheshimuni. Lakini leo nataka niwatajie wawili ambao hawakuwa maprofesa, na walitumia Kiswahili, hiki hiki cha Kongo.

Wa kwanza ni André Yav. Alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu kule Elisabethville, mji tunaouita sasa Lubumbashi. Boi, kama walivyoitwa. Kupika, kufua, kupiga pasi. Mwaka 1965 akaandika, kwa niaba ya chama cha wenzake waliowahi kufanya kazi hiyo, historia ya mji huo kwa Kiswahili. Fikirini: mji uliojengwa na kampuni ya madini, wenye kumbukumbu zake zote kwa Kifaransa, makabati kwa makabati, na mtu aliyekuwa akibeba sinia anakaa chini kuandika jinsi mambo yalivyoonekana kutoka jikoni. Mtu wa jikoni husikia mengi. Kijitabu chake kingeweza kupotea kabisa; mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, akakichapisha mwaka 1990, na leo wanakisoma vyuo vikuu vya mbali.

Wa pili hakuandika. Alichora. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa huko huko Katanga, alikuwa akiuza picha kwa watu wa kawaida wazitundike sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yote, picha karibu 100, kutoka zamani za wafalme hadi Mobutu, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha Fabian. Alijiita mchoraji na mwanahistoria. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Picha zake nyingine zinaonyesha mambo ambayo hakuyaona wala hakuna aliyeyaona, aliyachora kama watu walivyoyasimulia mtaani, na hapo lazima tumuulize naye: ndugu Tshibumba, umejuaje? Jibu lake ni kwamba alichora kile ambacho Wakongo waliamini. Hilo nalo lina thamani yake, mradi ujue kwamba ndilo ulilolishika mkononi.

Na redio? Nisipoigusa redio mtasema mwalimu anajipendelea. Msiamini jambo kwa sababu limesemwa redioni, hata hii. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wauaji walinyamaza karibu mwezi mzima. Kisha Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa hao walitoroka, na kwamba wanakijiji waliwakamata wakawaua. Wanakijiji! Uongo ule ulizunguka dunia. Watu hawakuuamini, waliandamana miji mingi, lakini kutoamini ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Ilipita miaka karibu 40 ndipo mtafiti Mbelgiji, Ludo De Witte, akapekua nyaraka na kuchapa kitabu mwaka 1999. Bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2001 ikakiri kwamba Ubelgiji ina sehemu yake katika kifo kile. Juni 2022 jino la Lumumba, ndilo lililobaki la mwili wake, likarudishwa nyumbani kwa familia.

Mnajua ni nani alikuwa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba? Anicet Kashamura. Mtoto wa Kalehe, wa teritwari yetu hii hii! Mwaka 1966 alichapisha kitabu kuhusu miaka ile. Huyo alikuwepo, hakuna ubishi. Lakini msisimame hapo, mwendelee: alikuwepo akiwa upande gani? Waziri anayeandika habari za serikali yake mwenyewe atakumbuka mengine vizuri sana na mengine kidogo. Tusome kitabu chake kwa fahari na kwa jicho moja wazi.

Sasa tuje kwetu kabisa. Jina la Minova limo katika makaratasi ya dunia. Linajulikana Bruxelles, linajulikana Umoja wa Mataifa. Kwa nini? Novemba 2012 Goma iliponyakuliwa na waasi wa M23, wanajeshi wa serikali walirudi nyuma mpaka hapa, na siku zilizofuata wakawatendea wanawake na wasichana wetu mambo ambayo sitayaeleza saa hizi watoto wakisikiliza. Kesi ilifanyika. Wanawake walisimama mbele ya majaji nyuso zimefunikwa, wakasema. Mei 2014 mahakama ya kijeshi ikatoa hukumu: washtakiwa walikuwa 39, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji hawakufika idadi ya vidole vya mkono mmoja. Mambo hayo lazima yabaki yameandikwa, na maneno ya wanawake wale ndiyo yaliyoyaweka kwenye karatasi. Mimi linaloniuma zaidi ni jambo jingine: ukitafuta Minova katika maandishi ya dunia, unakutana na siku zile chache tu, kana kwamba kabla yake hapakuwa na soko, hapakuwa na harusi, hapakuwa na mtu aliyepanda kahawa. Waandishi waliokuja walikuja na swali moja, wakaondoka na jibu la swali hilo. Hawakuuliza mengine, na sisi hatukuyaandika.

Yaliyotupata tangu Januari 2025 siyagusi leo. Sababu mnaijua. Kaye haina haraka. Andika tarehe, andika ulichokiona kwa macho yako, tenga na ulichosikia, uiweke mahali pakavu.

Na msiniambie hamjaona kitu kwa sababu ninyi ni watoto. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaamriwa kuhama, walikuja hapa kwa boti na kwa miguu, na magodoro vichwani. Nyumba gani ya Minova haikupokea mtu? Mlikuwa wadogo, lakini mnakumbuka nani alilala kwenye kitanda chako ukahamishiwa kwenye mkeka. Mwaka 2002 ilipolipuka kabla ya hapo, ninyi mlikuwa hamjazaliwa. Hiyo muulizeni mama. Mwaka 1977, muulizeni koko. Ndani ya nyumba moja mna mashahidi wa milipuko mitatu, wamekaa pamoja wanamenya mihogo.

Fundi wa mitambo ananionyesha saa, basi natoa kazi. Chukua kaye na biki. Biki, si kalamu ya risasi, maana ya risasi inafutika na panya wa kufuta hawakosekani. Mtafute mtu mzima mmoja, wa nyumbani au jirani. Usianze na "Niambie historia," atakukimbia au atakupa hotuba. Anza na kitu: samaki, noti, kitenge cha zamani, jina lililobadilishwa mwaka 1972 Mobutu alipofuta majina ya ubatizo. Muulize: mara ya kwanza ulipomla sambaza, ulikuwa wapi, nani alimpika, ulikuwa umeoa au bado, mtoto gani alikuwa mgongoni? Hapo utapata mwaka bila kumuuliza mwaka. Andika jina lake akikuruhusu, na tarehe ya leo. Kisha mtafute mtu wa pili, umuulize yale yale. Wakipingana, usiwapatanishe. Andika yote mawili uniletee.

Kaye ziachwe kwa mlinzi hapa redioni kabla ya siku ya Alhamisi. Juma lijalo nitasoma tatu hewani, na mwenye kaye atakuwa hapa karibu nami, kwa sababu kila atakaposoma mstari mmoja nitamuuliza swali lile lile, nanyi mlioko nyumbani mtanisaidia kuliuliza. Mvuvi mmoja mzee ameshanitumia ujumbe wakati nazungumza: anasema mama yangu amekosea, yeye sambaza wa kwanza alimwona kabla ya uhuru, kwenye karai la Mzungu. Mzee, nakuja kwako kesho asubuhi.